Ukuta Nyuma ya Kabati

Mwaka umetimia, Mama, tangu Jumanne ile ya mwezi Mei ulipotutoka asubuhi, chai yako ikiwa bado inatoa mvuke kwenye kikombe cha bati. Presha haikukupa hata dakika ya kutuaga. Hafsa alikuwa uani anaanua nguo, na aliporudi ndani ulikuwa umeegemea mlango wa jikoni kama mtu anayesikiliza kitu. Ulikuwa umeshakwenda.

Wewe Kuluthumu, mke wa Mzee Selemani, mama yetu sisi watatu, Twalibu, Hafsa na Nurdini: tunakuandikia kwenye tangazo hili la kumbukumbu kwa sababu kuna jambo hatukuwahi kukwambia ukiwa hai, na mtaa wetu mzima wa Cheyo unalijua. Afadhali na wasomaji walijue.

Tunakumbuka ukarimu wako. Harusi ikitangazwa mtaani, kabla hata ya kutafuta wapishi walikuja kukuita wewe upambe chumba cha bibi harusi. Uliondoka na kapu la vipande vya vitenge ulivyopewa na mafundi cherehani, ukarudi jioni kapu tupu na mikono imejaa rangi. Hukudai malipo kwa mtu. Ulisema msichana anayeanza maisha asianzie kwenye ukuta usiomjua.

Tunakumbuka na ulikoyatoa hayo. Ulipoolewa, Baba alikuwa kibarua wa reli Tura, na mkakaa miaka tisa kwenye nyumba za kazini. Zote zilipakwa rangi ya krimu, na haikuruhusiwa kugongomea hata msumari. Ulituhadithia mara nyingi ulivyoamka asubuhi moja kule, ukiwa na Twalibu tumboni, ukaingia nyumba ya jirani ukidhani ni kwako, ukakoka moto kabisa, mpaka mwenyewe alipokuja kukuuliza, "Dada, leo unanipikia nini?" Watu walicheka. Wewe hukucheka. Uliapa siku ile kwamba ukipata nyumba yako, hata kipofu ataijua kwa kuipapasa.

Ukaipata, hapa Cheyo, vyumba vitatu na sebule. Kila mwezi wa Shaabani, kabla Ramadhani haijaandama, ulipaka upya kuta za sebule kwa mkono wako. Hukununua rangi ya dukani hata siku moja. Chokaa uliiloweka kwenye ndoo, ukatia bluu ya kufulia, chumvi kidogo, na uji mwepesi wa muhogo ili ishike. Udongo mwekundu uliufuata shambani Itetemia, ukauchekecha kwa kanga kuukuu. Kisha ulipaka kipande kidogo tu, ukubwa wa kiganja, ukakiacha siku tatu. Ulikitazama asubuhi, ukakitazama saa tisa jua likiingia dirishani. Kikikuchukiza hata mara moja, ulikifuta ukaanza upya.

Mwisho ulikuja na bamia. Ulikata ncha, ukachovya kwenye rangi, ukagonga ukutani, na pale bamia ilipogusa likabaki ua. Maua mia, mia mbili, mstari mmoja kuzunguka chumba kizima, na hakuna lililolingana na mwenzake kwa sababu bamia hazilingani.

Nurdini, kitinda mimba wako, alikaa chini ya ngazi akikusomea mashairi yake. Alijifunza mwenyewe, akihesabu mizani kwa vidole, na hakubali kushindwa na mtu. Ulimsikiliza mpaka ubeti wa mwisho, ndipo ukamwambia bila kugeuka, "Vina unavyo, Dini. Rangi je?" Alinuna siku nzima. Kesho yake alirudi na shairi jingine.

Ndiye huyo huyo aliyeshika brashi.

Hafsa alipochumbiwa na wakwe wakatuma salamu kwamba watakuja, wewe ulikuwa umekwenda Nzega kumuuguza dada yako. Tulibaki tunaitazama sebule kwa macho ya wageni. Pazia za kanga, mito ya vitenge ambayo hakuna unaofanana na mwingine, mkeka wa zambarau, ukuta wa buluu na ukanda wa udongo na maua yake. Hafsa alisema, "Watatuonaje jamani?" Twalibu, aliyekuja likizo kutoka Dar, alisema siku hizi watu wanapaka krimu, chumba kinapumua. Akaleta ndoo mbili za rangi hiyo.

Nurdini angeweza kukataa. Mdomo anao, na hasira anazo. Lakini wiki ile marafiki zake walikuwa wamepita kumchukua waende kucheza mpira, na mmoja alichungulia ndani akasema, "Dini, kwenu mbona kama sanduku la pipi?" Mwingine akadakia, "Hodi, doti ya kanga bei gani?" Wakacheka. Naye, ambaye angepigana na yeyote kwa ajili ya ubeti mmoja wa shairi, alicheka pamoja nao. Kicheko hicho, Mama, anasema bado anakisikia.

Alipaka siku mbili. Alipaka vizuri, akirudia mara mbili, bila kudondosha. Mahali pamoja tu hakupafikia: nyuma ya kabati la vyombo, lile la mninga linalohitaji wanaume sita kulinyanyua. Alipitisha brashi ubavuni mwa kabati akasema nani ataangalia huko.

Ulirudi siku ya tisa. Ulivua kandambili mlangoni ukasimama nazo mkononi. Sisi tulijipanga kama watoto wanaosubiri zawadi. Ulizungusha macho ukuta kwa ukuta, polepole, kisha ukasema:

"Imependeza, wanangu. Pamekuwa kama Tura."

Na Nurdini alifurahi! Yeye alizaliwa hapa Cheyo. Kwake Tura ilikuwa picha mbili za zamani, Baba na kofia ya kazini, wewe mwembamba unacheka, na kisa cha nyumba ya jirani alikichukulia kama kichekesho. Alidhani umesema chumba kimekurudishia ujana. Alizunguka mtaani akijisifu, "Mama mwenyewe kakubali, kasema kama kwao Tura." Sisi, Twalibu na Hafsa, tulijua zaidi, tena tulijua vizuri, lakini tulinyamaza, maana kunyamaza kulikuwa rahisi na rangi ilikuwa imeshakauka.

Tangu hapo hukukaa tena sebuleni. Ulihamishia kigoda chako kibaraza cha nyuma, ukawa unanywa kahawa huko na jirani yako Ng'washi. Tukikuita ndani ulisema, "Humo naogopa kuchafua." Tulidhani unatania.

Wakwe walikuja, wakala, wakaridhika. Wakati wa kuaga, mama mkwe wa Hafsa alizungusha macho akauliza, "Na ule ukuta wa maua tuliousikia mpaka kwetu, uko chumba gani? Nilitaka kuuona."

Ulijibu wewe, kwa sauti ya kawaida tu. "Umepumzika, bibi."

Hakuna aliyemtazama mwenzake.

Shaabani ikafika. Mfuko wa chokaa ulikuwa pale uani, na hukuufungua. Nurdini alikuuliza, ukasema mgongo unauma. Alitaka kusema kitu. Yeye, asiyekosa maneno, akasema tu, "Basi upumzike, Mama." Ukamwambia, "Haya, baba." Ndiyo mazungumzo anayoyarudia kichwani mpaka leo, kwa sababu nafasi ilikuwa ile, naye aliiacha ipite. Ramadhani ikaja, Iddi ikaja, na wiki chache baadaye ikaja Jumanne ile.

Siku ya msiba, kama desturi, sebule ilitolewa vyombo vyote ili wanawake wapate pa kukaa. Makochi yalitangulia. Kisha wanaume sita wakalishika kabati, Nurdini akiwa wa sita, wakalitoa mlangoni kwa kuliinamisha. Aliporudi kuchukua jamvi, alikuta wanawake waliokuwa wakilia wamenyamaza. Wote walikuwa wanatazama upande mmoja.

Ukutani, katikati ya krimu, palikuwa na kipande cha urefu wa mtu na upana wa mikono miwili iliyonyooshwa. Buluu yako. Ukanda wako wa udongo wa Itetemia. Maua kumi na manane ya bamia, meupe na ya njano, mabichi kama uliyagonga asubuhi ile.

Baba, ambaye macho yake sasa hayaoni zaidi ya mkono wake, aliongozwa mpaka pale. Aliweka kiganja, akapapasa mpaka akalipata ua moja. Akasema taratibu, kama anaongea na mtu aliyemkuta mlangoni, "Kumbe upo."

Ng'washi ndiye aliyelia kwa sauti. Na katika kulia kwake akamgeukia Nurdini. "Wewe unayejisifu mtaani! Mama Twalibu alikwambia kama Tura, ukafurahi? Unajua kule Tura alilia miaka mingapi? Alinambia pale kibarazani, 'Ng'washi, nimetoka kule nina mtoto mmoja, na wanangu watatu wamenirudisha.' Kisha akanikataza nisiseme. Akasema mtawaza, mtakosa usingizi. Sasa nasema!"

Nurdini alitoka nje. Hakuonekana mpaka jeneza lilipoinuliwa.

Mama, usidhani hatukujaribu kurekebisha. Arobaini ilipopita, Nurdini alichukua kipande cha kioo akaanza kukwangua krimu, akiamini wewe uko chini yake. Lakini krimu ilikuwa imeng'ang'ania chokaa, na kila alipokwangua vilitoka vyote pamoja, likabaki vumbi la buluu sakafuni na plasta tupu ukutani. Alikwangua ukuta mzima kabla ya kukubali. Vumbi lile alilikusanya kwenye kopo la maziwa. Bado analo.

Twalibu alipiga simu. "Dini, hicho kipande kinaonekana kama kiraka. Kipitie krimu tumalize, mdogo wangu. Kinamuumiza kila anayeingia."

"Kiumize."

"Unaongea na nani hivyo?"

"Naongea na wewe, kaka. Atakayekigusa ataanza na mimi."

Miezi mitatu hawakusalimiana. Hilo lingekuuma kuliko krimu.

Nurdini akaanza kuisaka buluu yako. Chokaa, bluu ya kufulia, chumvi, uji wa muhogo, kama alivyokuona ukifanya. Alipaka kiganja, akasubiri siku tatu. Ikatoka nyeupe mno. Akaongeza bluu, ikawa kali kama sare ya shule. Akapunguza chumvi. Akabadilisha maji, ya bomba, ya kisima, ya mvua. Ukuta ulijaa viganja, arobaini na kitu, na hakuna kilichofanana na kipande kile. Mwaka ulikuwa unaisha. Alikuwa amejiapiza kwamba siku ya khitma yako chumba kitakuwa kama ulivyokiacha ulipokwenda Nzega. Hasira zilimjaa, akaipiga ndoo teke uani, chokaa ikamwagika hadi miguuni kwa Ng'washi aliyekuwa anaingia kuleta viazi.

Ng'washi hakukasirika. Alijifuta mguu. "Unatafuta nini, mwanangu?"

"Ile ile."

"Ile ile ya mwaka gani?"

Nurdini akaiokota ndoo.

"Mimi nimekunywa kahawa kwenye chumba hicho miaka ishirini," akasema Ng'washi. "Mama Twalibu mwenyewe hakuwahi kuipata mara mbili. Kila Shaabani ilitoka nyingine. Mwaka mmoja ilitoka kama shingo ya njiwa, mwaka mwingine ikatoka kama mbingu kabla ya mvua. Alikuwa anaitazama siku tatu anauliza, 'Naweza kuishi na hii?' Basi. Hilo tu. Wewe unaiba ya kwake. Ya kwako iko wapi?"

Swali lile tulilijua, Mama. Ni lako. Ni lile ulilomuuliza ukiwa juu ya ngazi.

Hivyo wiki mbili kabla ya siku hii Nurdini alimpigia simu Twalibu, yeye mdogo akaanza kuomba radhi, jambo ambalo hujawahi kuliona. Twalibu akaja na treni. Wakaenda pamoja Itetemia kuchimba udongo, wakiwa wanagombana njiani kuhusu jembe, na Hafsa akachekecha kwa kanga yako ya mwisho. Kuta tumezipaka. Si buluu yako. Imetoka na kijivu ndani yake, kama jioni ya masika, na ni ya huzuni, hatukatai. Tuliitazama siku tatu. Tunaweza kuishi nayo. Maua amegonga Hafsa, makubwa mno, mengine yamevuja. Baba ameyapapasa yote, chumba kizima, na alipofika kwenye kipande chako alikijua bila kuambiwa, akasimama.

Kipande hatukukigusa. Rangi yetu imekuja mpaka pembeni yake ikakomea hapo, na mshono unaonekana. Tumeuacha uonekane. Kabati tumelihamishia chumbani, lisisimame tena mbele yako.

Hatujidanganyi kwamba umesamehe. Pengine ulisamehe siku ile ile ukiwa na kandambili mkononi, ndivyo ulivyokuwa. Lakini hatukukuomba, na sasa hakuna wa kutujibu. Nurdini ameandika ubeti mmoja tu mwaka huu wote, na ameomba uwekwe hapa:

*Kabati lilipohama, ukuta ukachomoza,*
*Rangi zako zikasema, na sisi tukanyamaza,*
*Tulikufuta kwa wema, machungu ukayameza,*
*Mola akupe rehema, nuru palipo na giza.*

Unakumbukwa na mumeo Selemani, wanao Twalibu, Hafsa na Nurdini, mkweo Sabiri, mume wa Hafsa, dada yako wa Nzega, ambaye ulimuuguza wewe ukatangulia wewe, na Ng'washi, ambaye si ndugu wa damu lakini amekataa kuachwa kwenye orodha hii. Khitma itasomwa nyumbani Cheyo, Ijumaa baada ya swala ya Alasiri. Wageni wote watakaa sebuleni.

Kigoda chako tumekirudisha ndani, chini ya maua yako kumi na manane. Hakikaliwi na mtu. Siku zetu zote tutakuwa nawe moyoni, Mama. Na hapa si Tura tena.