Mkia wa Mjusi Ulibaki Mkononi Mwangu

Mama Odette mpendwa wa redio yetu, naomba msaada, na unisamehe kama nitaandika mingi, juu wiki mbili sasa sijamwambia mtu hata mmoja. Mi ni mama wa batoto wane, tulitoka Bukavu mwaka 2008, tuko hapa kambi ya Dzaleka, Malawi, nakaanga mandazi na kuuza ku soko, naamka, nakanda, nauza, nachota maji, nafua, napika nsima, nalala, na kesho tena ni vile vile. Bwana yangu Balagizi alikuwa directeur, mkuu wa shule ya msingi kule kwetu. Hapa alipata kazi ya bustani kwa mzungu mmoja Lilongwe, karibu na City Centre, na mzungu yule alikuwa anafuga mjusi ndani ya sanduku ya vioo, si mjusi wa ukutani kama hawa wetu, huyu ni mnene, wa manjano, ana madoa kama chui, na mkia wake ulikuwa umejaa kama kidole gumba. Mwaka jana, 2016, mzungu alirudi kwao, akamwachia bwana yangu mjusi na sanduku yake, na kazi ikaisha siku hiyo hiyo.

Tangu pale, Mama, bwana yangu iko mbele ya sanduku. Anapasha jiwe ku mbabula ya makaa, analifunga na kitambaa ili mjusi apate joto, anaandika ndani ya cahier, daftari yake, kila anachofanya. Batoto bakamwita mjusi Directeur, baba yao hakukasirika hata kidogo. Ananiita nikiwa na unga ku mikono: "Mama Noël, kuya uone. Mkia ikitetemeka mbio-mbio ku ncha, ameona nyenje, anataka kuwinda. Ikilala chini, iko na amani. Lakini ikipanda juu na kwenda polepole huku na huku, njo anaogopa, umuache." Nikasema ndiyo, ndiyo, na nikaendelea kukanda.

Siku ya ration ya mahindi nilimwomba aende kupanga mstari. "Nitaenda," akasema. Nilipotoka soko saa sita nikamkuta palepale, mjusi alikuwa anabambuka ngozi na yeye hakutaka kukosa kuona. Nikaenda mwenyewe, nikasimama ku jua mpaka saa tisa, nikabeba mahindi ku kichwa. Nilipofika mlangoni nikaangusha gunia, bwana yangu akageuka, akaweka kidole ku mdomo: "Polepole, unamtisha." Hakuuliza nani alinisaidia kutua. Hakuna aliyenisaidia.

Kesho yake alienda Kanengo kutafuta kibarua, akaniachia kazi ya kubadilisha karatasi za ndani ya sanduku. Nikafungua, nikaingiza mkono. Mjusi akasimama ku miguu yote mine, akakunja mgongo, akanyanyua mkia, akaanza kuupunga, polepole, kushoto, kuume, ananitazama, na mi nikaona kama ananiambia toka. Ndani ya nyumba yangu! Nikamwambia, "Hata we unanifukuza?" Nikamkamata ku mkia. Mama Odette, mkia ulibaki mkononi mwangu, unarukaruka peke yake, na mjusi akakimbilia chini ya jiwe. Nikapiga kelele, nikaenda kutupa mkia ndani ya choo.

Bwana yangu aliporudi akauliza, "Nani alifanya hivi?" Na mdomo wangu ukasema, "Ni paka ya Ernestine."

Ernestine ni jirani yetu, mjane wa Burundi, na paka yake njo inalinda mahindi yetu sisi pia, panya zinamwogopa. Balagizi, mtu asiyepaza sauti hata kwa batoto, alienda kumfokea mbele ya bantu bote wa mstari wetu wa nyumba, kisha akaenda kwa kiongozi wa block, ikaamuliwa paka aondoke. Ernestine hakubisha. Alimtia paka ndani ya kitunga, akafunga na kitenge, akamtuma na minibasi mpaka Lumbadzi kwa shemeji yake. Na siku iliyofuata akaja kwetu na kopo, ndani kulikuwa nyenje, alizishika yeye mwenyewe ku majani. "Ni za mgonjwa wenu," akasema. "Munisamehe." Nikapokea lile kopo. Nikasema asante.

Sasa mjusi hali, bwana yangu naye hali vizuri, panya zimeingia kwa Ernestine, na mi nikipita mbele ya mlango wake naangalia chini. Nikisema, bwana yangu atajua nililala naye siku zote hizi na uongo ule. Nikinyamaza, sioni mwisho. Nifanye nini?

Mama aliyechoka, Dzaleka

MAMA ODETTE ANAJIBU

Mama uliyechoka, pole. Nakuambia pole ya kweli, kwa sababu hilo gunia mlangoni nimeliona. Lakini uchovu haukusema uongo. Ulisema wewe.

Jibu hili nakuletea kwa mkono, sikulisoma redioni. Unajua sababu: Dzaleka nzima ina mjusi mmoja wa namna hiyo. Nitasoma siku utakayoniruhusu.

Tuanze na mgonjwa. Nimemuuliza mtu anayetibu wanyama Lilongwe. Mjusi huyo hakukufukuza. Kupunga mkia polepole ni woga, alikuwa anakuomba umwache, na mkia aliukata mwenyewe ili aokoke. Mkia utaota tena baada ya miezi kadhaa, ila utakuwa mfupi na wa mviringo, hautafanana na ule wa kwanza. Humo ndimo alimoweka akiba yake ya mafuta, kwa hiyo sasa anahitaji chakula kuliko jana. Mwekeeni karatasi safi kila siku, msitie mchanga, awe na joto na maji, na mtu asimshike. Kidonda kikivimba, mpelekeni kwa daktari wa mifugo.

Bwana yako. Mtu aliyeongoza shule nzima na leo hana wa kuongoza, ninaelewa kwa nini alishika cahier. Lakini huzuni hiyo haimzuii kubeba mahindi. Na wewe, usikae ukingoja akusome usoni. Mwambie kwa mdomo: mstari wa ration ni wako, maji ya asubuhi ni yako. Mwambie leo, tena kesho, mpaka abebe.

Sasa kazi yako. Leo, watoto wakiwa shule, funika sanduku kwa kitambaa, mkalishe Balagizi, useme: "Si paka. Ni mimi." Usianze na uchovu wako, huo utafuata. Kesho asubuhi nenda kwa Ernestine kwa miguu yako, usitume mtoto. Na kwa kuwa alifokewa mbele za watu, msafishe mbele za watu. Halafu panda gari la Lumbadzi ukamrudishe paka. Usiniandikie tena kabla hujamrudisha.

BARUA YA PILI, BAADA YA SIKU KUMI

Mama Odette, unaweza kusoma. Nilimwambia bwana yangu kama ulivyosema. Alitoka nje, akakaa ku jiwe la kufulia muda mrefu. Niliogopa. Aliporudi akasema, "Nilimtukana mama wa watu." Akaenda peke yake kwa kiongozi wa block. Mambo yetu sisi wawili bado, tunasema kidogo kidogo, siku zingine nagombana naye juu ya maji. Mjusi alikula nyenje mbili jana.

Kwa Ernestine nilienda kesho yake asubuhi. Nilisimama mlangoni kwake, majirani bakasimama bananiangalia, nikasema yote, hata lile kopo. Nilipomaliza nikaanza kulia, sikuweza kuacha. Ernestine akachukua kitunga kingine, akajifunga kitenge, akafunga mlango.

"Gari ya Lumbadzi itatuacha," akasema. "Twende, utalia ku njia."