Hukumu ya Mume wa Akinyi

Awendo, Alhamisi, 1996

Namwonea jirani yangu Akinyi wivu, na sitamwambia mtu. Leo jaji amesema mumewe aliuawa kwa kipigo ndani ya seli ya polisi. Akalitaja jina lake kamili mbele ya watu. Akinyi alilia, nikamkumbatia huku moyo ukiniwaka.

Mume wangu Ochieng alifia seli ileile. Mimi nilikubali waliposema ni malaria, nikamzika bila daktari kumpasua.

"Nyaminwa, dada yangu, fungua kesi na wewe," Akinyi aliniambia tukitoka kortini.

"Na ushahidi gani?"

"Siku ya kumzika Ochieng ulikuwa umezimia. Mimi ndiye niliyemvisha nguo, nikauona mgongo wake. Nitasimama niseme."

Nikamshika mkono. Nilikuwa bado namchukia.