Panya Niliyemvusha Kisiwani

Chumba cha nyuma,
Karakana ya boti, Gatini.
Tarehe 9, mwezi wa sita.

Mpendwa mdogo wangu,

Kabla ya yote nakusalimu, nawe nisalimie shemeji yangu. Mgongo wako bado unakusumbua? Presha yake imeshuka? Mimi ni mzima kama chuma, isipokuwa kidole kimoja. Mwandiko usiucheke, naandika kwa mkono wa kushoto.

Binti yetu kapata makubwa, na ni kwa ajili yangu. Bora uyasikie kwangu kuliko kwa wambeya.

Unajua kazi yake ni kulinda kile kisiwa cha ndege. Wale ndege wanataga chini, juu ya mawe, kwa maelfu, kwa kuwa kule hakuna panya hata mmoja. Ndiyo maana kila anayepanda boti anapekuliwa gatini, begi linamwagwa mezani, viatu vinapigwa brashi. Jumanne niliwapeleka wageni kumi na mmoja, wote wakapekuliwa. Zamu yangu ilipofika nikamwambia binti yetu, "Wewe nimekubeba mgongoni ukanikojolea, leo unipekue mbele za watu?"

Akasema, "Baba Mkubwa, ni sheria."

Nikamwambia sheria imenikuta kwenye boti. Akainamisha macho, akanipisha kwa heshima, naye akapanda boti pamoja nasi.

Tuliposhuka kisiwani nikafungua begi nitoe koti la mvua, lililokuwa karakana mwaka mzima. Panya akachomoka kwenye mkono wa koti, jike, tumbo limejaa mimba, akazama katikati ya viota.

Mdogo wangu, siku hiyo nilipigana vita. Nilimfuata na kasia. Kila pigo lililomkosa lilipasua mayai. Ndege wakanishukia kama mvua ya misumari, wakanichana utosi, damu ikanijaa machoni. Askari mmoja mrefu wanamwita Twiga akanikaba shingo, "Toka we mzee, unawamaliza!" Nikamgeuzia kiwiko, meno mawili chini. Wageni wanapiga mayowe, binti yetu analia huku anamrushia panya mawe.

Panya alishamng'ata kinda mmoja shingoni, bado anapigapiga mabawa. Hapo nikamrukia kwa mikono mitupu. Akanitoboa kidole mpaka mfupani, sikumwachia. Nikampigiza kwenye jiwe, nikampigiza tena, nikampigiza mpaka tumbo likapasuka na mkia ukabaki mkononi mwangu. Vijana wa siku hizi wangeweza?

Nikauinua ule mkia wauone. Hakuna aliyenitazama. Binti yetu alikuwa amepiga magoti anakusanya makinda waliokufa. Ishirini na watatu. Panya aliua mmoja. Waliobaki niliwaua mimi, kwa kasia na kwa viatu.

Aliporudi akaandika taarifa kuwa hakunipekua na kosa ni lake. Ukaidi wangu hakuutaja. Jumatatu anaitwa mbele ya wakubwa wake, na wanasema atafukuzwa. Kazi aliyoisomea mpaka ukauza shamba, mdogo wangu.

Basi nitakwenda nami. Nitawaambia nilimtisha kwa ukubwa wangu, na meno ya Twiga ni mimi. Najua watanizuia nisiendeshe boti kule tena, na hakuna anayeyajua yale mawe kama mimi, hata samaki wenyewe. Wanizuie. Mkaidi mimi, mwoga si mimi.

Jana nilikwenda kumwambia. Akanifungia mlango. Nikaugonga kwa ngumi mpaka bawaba moja ikang'oka na majirani wakatoka. Akaja, akanitazama hii bandeji ya kichwani, akasema, "Haya, njoo Jumatatu, Baba Mkubwa. Lakini useme yaliyotokea tu. Usiongeze hata neno."

Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Nisalimie shemeji yako mkubwa ukimwona, na wale mapacha, na fundi saa jirani yako. Mungu awafunike huko mliko, na Jumatatu asubuhi aushike ulimi wangu.

Ni mimi nikupendaye hata tukigombana,
Kaka yako.