Jezi Namba Kumi na Nne

Jumapili, 4 Oktoba 1998

Tumeingia fainali ya kaunti, mpira wetu wa Kiairishi, wachezaji kumi na watano kila upande! Knockaroe, parokia yangu — mara ya mwisho ilikuwa 1961. Mechi ya leo imeamuliwa na mtu mmoja: Ruairí Scahill, jezi namba kumi na nne, kwa mguu wake wa kushoto. Pointi baada ya pointi, kila moja mpira uliopita juu ya mtambaapanya wa goli. Babu yake, Bartley, alikuwa jukwaani akipunga kofia kana kwamba ndiye aliyefunga. Baada ya mechi watu walipanga foleni kumpa mkono mzee huyo. Yeye! Mimi, kocha, nilikuwa naokota mipira.

Mwaka ule wa 1961 Bartley ndiye aliyekuwa kocha, na namba kumi na nne nilikuwa mimi. Msimu mzima nilicheza. Siku ya fainali akaniweka benchi, akampanga mtoto wa dada yake. Kipindi cha pili akaniambia nivue koti, nipashe misuli. Akanipa kikaratasi chenye jina langu, nimkabidhi refa. Nikasimama nacho kwenye mstari hadi filimbi ya mwisho. Tulifungwa kwa pointi moja. Mama yangu alikuwa jukwaani, yeye ambaye hakuwahi kuja kunitazama. Hakuja tena. Kabla ya Pasaka tulimzika.

Sikucheza tena. Nimefundisha shule, nimefundisha timu, katika viwanja ambavyo hata ng'ombe wangevikataa. Nimesubiri siku moja tu.

Alhamisi, 15 Oktoba

Nimesoma kikosi baada ya mazoezi, kama ilivyo desturi, wachezaji wamekaa na viatu vyao vya tope. Namba kumi na nne: Donie Mulkeen. Donie mwenyewe aligeuka nyuma kuangalia kama yuko Donie mwingine.

Josie Heneghan, msaidizi wangu tangu hatujaota mvi, alinifuata hadi kwenye gari.

"Malachy, umelewa?"

"Sinywi. Unajua."

"Basi anza leo, maana afadhali ulevi kuliko hili. Donie hawezi kufunga hata geti!"

Nikamwambia kwamba Ruairí ana goti linalomsumbua. Akajibu kwamba kila mtu ana goti.

Jumapili, 18 Oktoba

Sare! Fainali itarudiwa Jumapili ijayo.

Niandike kwa utaratibu. Tulikuwa nyuma kwa pointi moja, muda unayoyoma, parokia nzima ikiliita jina la Ruairí. Nikamwambia avue koti. Nikamwandikia kikaratasi. "Kasimame kwenye mstari," nikasema, "usubiri." Akasimama. Ndipo nikageuka, nikamtazama Bartley jukwaani. Nilitaka aone. Aliona. Kofia ilikuwa magotini.

Ilikuwa tamu. Humu sidanganyi.

"Mwingize!" Josie alikuwa ananivuta mkono. "Malachy, kwa jina la Mungu, mwingize!" Sikumwingiza. Tukasawazisha kwa mguu wa Donie — kwa ugoko, kusema kweli, na macho akiwa ameyafumba. Filimbi.

Ruairí alinirudishia kikaratasi, kimekunjwa vizuri. "Asante, Mwalimu." Sikuipenda asante ile.

Jukwaa lilipokuwa tupu ndipo nilipomwona mwanamke aliyekaa kando ya Bartley muda wote. Nuala, mama yake Ruairí. Alikuwa bado ameketi. Sina la kuongeza juu ya hilo.

Jumatatu, 19 Oktoba

Dukani. Bi Geraghty, mwenye duka, ameushika mkate wangu hewani: "Nikupe sasa, Mwalimu, au usimame kwanza pale mlangoni?" Wateja wote wamecheka. Nililipa, nikaondoka. Nimesahau siagi.

Jumanne, 20 Oktoba

Nimekutana na Bartley kwenye geti la kanisa baada ya misa. Nilikuwa nimeyaandaa maneno yangu.

"Kijana analia?"

"Halii. Anapasua kuni. Tunazo za kutufikisha Pasaka."

"Sasa unajua, Bartley, ilivyo kusimama kwenye mstari. Sitini na moja."

Alinitazama sana. "Sitini na moja? Kwani wewe ulikuwemo kwenye kikosi?"

Hakuwa ananitania! Ningefurahi kama angenitania. Miaka yote nimembeba mgongoni, naye hajui hata kama nilikuwepo.

Basi. Ruairí hagusi mpira Jumapili. Hata tukifungwa. Hata tukifungwa vibaya.

Alhamisi, 22 Oktoba

Jioni hii nasoma kikosi. Josie amepiga simu: nisipompanga Ruairí, nitafute mtu mwingine wa kubeba chupa za maji. Nikamjibu kwamba wapo wengi. Hawapo.

Nimeandika majina kumi na manne. Nafasi iliyobaki ni ya namba kumi na nne. Jina la Donie nimeliandika nikalikata. La mwingine sijaliandika.

Mvua kubwa. Gari limesimama nje — Bartley! Anagonga mlango kwa fimbo. Sijainuka.

"Malachy! Najua umo, taa inawaka!"

Naendelea kuandika.

"Nimekumbuka!" Ameinama, anasemea kwenye tundu la barua mlangoni. "Nimekumbuka, Mwalimu. Mama yako alikuwa na mwavuli wa kijani. Ulipovua koti aliufunga, ili akuone vizuri. Mvua ile! Hakuufungua tena hadi mwisho. Nilimwona. Nilimwona, na sikukuingiza."

Habari ya mwavuli sikuijua. Nilikuwa nimeligeuzia jukwaa mgongo, nautazama uwanja. Mama hakuniambia. Alirudi nyumbani amelowa, akasema ni kwa sababu ya kungoja basi.

"Sijaja kwa ajili ya kijana," anasema mlangoni. Kisha: "Nimekuja kwa ajili ya kijana pia. Fungua, ndugu yangu. Nanyeshewa."

Kalamu iko juu ya nafasi ile. Wino umeacha doa.

Nimechungulia dirishani. Amevua kofia, ameishika kwa mikono miwili, mvua inamwingia shingoni. Hana mwavuli.

Asimame.

Asimame kidogo tu.