Kifuniko cha Gari Lisilo na Jina

Mwaka umetimia, Mrisho Mbaruku ndugu yetu, tangu ule mwezi wa Mfunguo Nne uliporudi kutoka kuswali adhuhuri, ukasema unajinyoosha kidogo, usiamke tena. Jamaa wamenipa mimi kalamu, kaka yako, ingawa shule yangu nimeiokota vipande vipande njiani, darasa moja Bagamoyo, jingine Kilosa. Wamesema niandike kama tunavyosema. Basi nasema.

Tunaikumbuka baraza yako ya Gerezani na benchi lake la mbao za masanduku. Mtu akiwa na chuma cha gari la zamani asichokijua alikuja kwako, hata kama ametoka Posta amevaa tai. Hukukipokea haraka. Kwanza ulitazama miguu ya aliyekileta, kisha mikono yake, ndipo chuma. Ulikwaruza kutu kwa ukucha, ukakigonga juu ya jiwe, ukakinusa. Ukishakijua uliandika jina lake kwa chaki: Fodi, Morisi, Shevroleti. Usipokijua uliandika "sijui", ukakitundika ukutani mpaka mwenyewe arudi. Nusu ya ukuta ule ilikuwa "sijui", nasi tulikupendea hilo.

Hukumwamini mtu, lakini hukumfukuza mtu. Abbasi, muuza vyuma chakavu wa mtaa wa pili, alikuletea siku moja gurudumu la meno, akaapa kwamba limeshuka na meli juma lile lile. Ukamwagizia kahawa. Ukalipangusa taratibu, ukamwonyesha udongo mwekundu ulioganda katikati ya meno, ukamwuliza, "Abbasi, meli siku hizi zinapita Pugu?" Alicheka mpaka kahawa ikammwagikia, na toka siku ile akawa mtu wa benchi lako kila asubuhi.

Hatusemi kwamba ulikuwa hukosei. Kuna chuma ulikiandika Fodi, ukakitetea kutwa nzima, mpaka mkeo Sitara alipotoka ndani kuuliza nani kamfungulia cherehani yake. Ulimrudishia kwa mikono miwili, na chaki hukuifuta. Bado ipo, na cherehani ya Sitara mpaka leo ni Fodi.

Na lipo lile gari la uani. Liliachwa kabla ya vita na mtu aliyesema anarudi kesho. Halina kibao cha jina, milango yake ina rangi mbili, kwa mbele linafanana na gari moja na kwa nyuma na jingine. Watu walitaka ulivunje, kila kipande kipate bwana wake. Ukasema, "Kitu sijakijua jina, nikivunje?" Ulituambia kwamba umekuta chini ya kiti chake kifuniko cha shaba cha rejeta, kile cha mbele panapotiwa maji, na kwamba hicho ndicho pekee unachokiamini, jina la gari litatoka hapo. Ukakaa nacho mfukoni mwa koti miaka yote. Unakitoa, unakigeuza, watu wanabishana mpaka alasiri, unakirudisha.

Siku tuliyokuzika, koti lilikutwa msumarini, mfuko mtupu.

Hapo ndipo tulipofanya kazi yako bila ya kuwa na moyo wako. Tulitazamana miguu na mikono. Sitara alinitazama mimi, maana niliingia asubuhi ya mazishi na fuko langu begani, na mtu aliyezurura mashamba ya mkonge na reli mpaka Tabora hashangai fuko lake likiangaliwa. Mimi nilimtazama Abbasi: muuza chakavu akae jirani na shaba, asiitamani? Zena, dada yetu, alimtazama Sitara. Alininong'oneza kwamba mjane amekificha mwenyewe, ili gari lisijulikane jina na sisi tusilitie mdomo. Hakuna aliyemwambia mwenziwe usoni. Siku ya arobaini tulikula katika sinia tatu, kila sinia na watu wake, na Abbasi hakupewa pa kukaa. Benchi likaanza kulaliwa na paka.

Mimi nilikuwa nikilala kile chumba chako cha uani. Asubuhi moja Sitara akaniamkia shikamoo kama ada, kisha nikaona mkeka wangu umekunjwa, umesimamishwa mlangoni.

"Shemeji," akasema, "kifuniko kirudi, ndipo mkeka urudi."

Nikaenda kupanga Buguruni. Nimelala vituo vya reli na chini ya malori, Mrisho, wala sikupata kuona uchungu, kwa kuwa nilijua ipo baraza moja duniani ambayo nikifika sitaulizwa nimetoka wapi. Sasa hiyo nayo imefungwa. Kisha Zena akaapa kwamba hitma yako ya mwaka ataisomesha kwake Ilala, Sitara asome ya kwake Gerezani. Marehemu mmoja, hitma mbili. Watu wa mtaani wangetusema mpaka tuzikwe na sisi.

Juma lililopita Sitara alituita sote kwa mara ya mwisho. Na Abbasi akaitwa, aje ale yamini kwamba hakukichukua. Msahafu ukawekwa juu ya kitambaa cheupe. Abbasi alikuja ametawadha, amevaa kanzu, hakutusalimu mmoja mmoja. Alikuwa ananyoosha mkono hivi, tukasikia mkokoteni umegonga ukuta wa ua.

Alikuwa Bakili Mnyamwezi, hamali wa sokoni Kariakoo, mtani wako. Siku ya mazishi alilizuia jeneza lako kama mtani anavyotakiwa, akakamata jembe, akakamata beseni la maji, akataka sisi Wazaramo tuvikomboe vitu vyetu kwake. Tulikomboa jembe na beseni, naye akaondoka akipiga kelele kwamba bado kimoja, bado kimoja. Tulidhani ni mdomo wake tu.

"Hodi, nyumba ya wachoyo," akasema. "Mwaka mzima natunza chuma cha maiti wenu, hata kuku hamna? Au mnangoja nife na mimi, mnizike nacho?"

Kwenye mpini wa mkokoteni, kimefungwa kwa kamba ya katani, kifuniko kilikuwa kinang'aa kama sahani ya harusi.

Alikitoa mfukoni mwa koti lako siku ile ile ya mazishi, mbele ya macho yetu, na alikitaja kwa sauti. Sisi tulikuwa tunachungana wenyewe kwa wenyewe, hatukumsikia. Na mtani harudishi asichokombolewa; akirudisha bure ameuvunja utani. Kwa hiyo alikifunga mahali pa wazi, akakisugua kwa mchanga kila Ijumaa, akapita nacho sokoni mwaka mzima ili tukione tuone haya. Zena amebebewa viazi kwa mkokoteni ule. Mimi nimeupisha kona ya Msimbazi, nikautukana.

Zena akatoka kwenda kukamata jogoo. Sitara akaubusu msahafu, akaurudisha mahali pake. Abbasi akabaki na mkono wake hewani, akasema, "Basi na udhu wangu je?" Ndiyo mara ya kwanza kucheka nyumba ile tangu uondoke.

Tukaenda uani sote. Sitara ndiye aliyekiweka kifuniko kwenye gari. Kikazunguka nusu, kikagoma. Akajaribu Bakili kwa nguvu zake za hamali, kikagoma. Abbasi akakichukua, akakichungulia kwa ndani, akapima mdomo wa rejeta kwa kidole gumba.

"Si chake," akasema. "Hakijapata kuwa chake."

Tukaulizana nani aliwahi kukuona ukikijaribu. Hakuna. Wewe uliyekwaruza kila chuma cha mji huu, hicho kimoja hukukijaribu mbele ya mtu.

Ndugu yangu, nakushuku. Nakushuku kwamba ulijua tangu siku ya kwanza kuwa si chake. Nakushuku kwamba hata jina la gari ulilijua, ukalinyamazia ili benchi lisikose watu. Kama nakosea, niwie radhi. Lakini siku ile tulikaa pale mpaka alasiri: Abbasi anasema Morisi, Bakili anasema hata Unyamwezi mtoto anajua kuwa ni Fodi, Zena na Sitara wanapokezana buli la kahawa. Jioni Sitara akautandika mkeka wangu chumbani mwenyewe.

Kabla hatujalala, Zena alichukua chaki yako, akaandika kwenye mlango wa gari: "sijui".

Hitma yako ni moja, itasomwa nyumbani kwako Gerezani Ijumaa hii baada ya sala. Unakumbukwa na mkeo Sitara, dada yako Zena, mimi kaka yako Pazi, jirani yako Abbasi, na mtani wako Bakili, ambaye amesema asipoandikwa humu atabeba na benchi.

Mwenyezi Mungu akulaze mahali pema. Siku zote tutakukumbuka, Mrisho, na siku zote tutakuuliza.