Diwani Bishar Korane, wa Watu Wote Hadi Alasiri

Mwaka umetimia, Baba Nasteha, tangu asubuhi ile wanaume wa Modogashe walipokubeba kukupeleka makaburini, sisi wanawake tukabaki uani. Hata siku hiyo sikukuona vizuri. Kila nikinyoosha shingo, bega la mtu. Nikajisemea, haya, walinichukulia mume akiwa hai, na leo wananichukulia maiti yake.

Familia imeamua tukukumbuke gazetini, na kalamu nimepewa mimi, mkeo Rukiyo. Mama yako Osob ameniambia niandike kwa upole. Nitajaribu.

Watu wanajua ulivyochaguliwa diwani mwaka wa tisini na mbili, wakakurudisha tena tisini na saba bila wewe kumbembeleza mtu. Wanajua kisima cha mashine ulichokipigania mpaka maji yakatoka. Wanajua ulivyowapeleka vijana kufuatilia vitambulisho, ukasimama nao kwenye foleni juani, na wewe chako ulikuwa nacho mfukoni. Mvua za El Niño zilipokata barabara na malori yakakwama matopeni, madereva walilala uani kwetu kwa magodoro ya wanangu. Hilo wanalijua sana, maana waliyalalia.

Wasilolijua ni habari ya sinia. Wali na nyama ya mbuzi vilitoka jikoni kwangu, vikapita mbele ya watoto, wakanusa, halafu mikono yako ikalidaka sinia kulipeleka nje. "Rukiyo, wamekuja watu." Watu! Lini hawakuja? Kadar na Mursal walijifunza kula jikoni wakiwa wamesimama, kabla baba yao hajasikia harufu. Nilikuwa na wivu, na bado ninao. Wanawake wenzangu huona wivu kwa mke mwenza. Mimi mke mwenza wangu alikuwa wadi nzima, na zamu zote alichukua yeye.

Lakini alasiri ilikuwa yangu. Ukishaswali ulikuja kwa mlango wa nyuma, peke yako, ukasimama nje ya jiko na kuniita kwa lile jina. Ulinipa jina hilo kule Griftu tulipokuwa vijana, wewe ukiuza ngamia, hakuna anayekujua ila mimi na ngamia wenyewe. Ulikuwa ukiliita mara moja tu, polepole. Nami nilikuletea maziwa ya ngamia, yale yenye harufu ya moshi kutoka kwenye kibuyu, ukanywa umeketi juu ya gunia la makaa huku ukinisimulia mambo ya siku nzima na kuwaigiza madiwani wenzako mmoja mmoja. Ukimaliza nilikurudisha kwa watu.

Halafu ukatuacha, na ua ukajaa waombolezaji. Kila aliyeketi kwenye mkeka alikuwa na lake. Samsam, muuza chai wa stendi, alilia kunishinda mimi mjane: "Alikuwa akiniita dada!" Mwingine akasema ulimwita abti, mjomba wake kabisa. Murithi, karani wa halmashauri, mtu wa Meru aliyeletwa huku kwa uhamisho, naye akasema ulimwita mdogo wako. Sokoni sasa kuna watoto waliopewa jina lako. Nikimkemea mmoja, mama yake ananitazama utadhani nimekutukana wewe.

Nilimimina chai, nikawagawia. Ila kuna kitu kimoja kilikuwa kinanitia hofu, na leo nakisema wazi. Niliogopa kwamba mmoja wao atafungua mdomo aseme, "Diwani alikuwa akiniita hivi," na litoke lile jina langu. Mtu aliyegawa chakula cha wanawe na magodoro yao, atashindwa kugawa jina? Wallahi, mwaka mzima nimetega sikio. Kwenye kila salamu ya pole nilikuwa nangoja nisikie kama nami nilikuwa mmoja tu wa watu wako.

Wiki iliyopita wakaja nyumbani, Mzee Keinan, mwenzako wa utotoni, mbele na bakora yake, Murithi nyuma ndani ya koti na joto lile. Wanataka hitima ya mwaka isomwe kisimani, chini ya hema, kwa kipaza sauti, wadi nzima ihudhurie. Na mimi nimekwisha kuchagua mbuzi, tusome nyumbani, sisi wenyewe, lango limefungwa.

"Haiwezekani," nikawaambia. "Siku hii ni yetu."

"Mama, hii siku si ya wewe beke yako," Mzee Keinan akasema. "Bishar ni ya watu."

"Amekuwa wa watu miaka yote hiyo, mzee. Mimi nilibakiziwa nini?"

Mama yako akakohoa. Unakijua kikohozi chake. Mimi hasira zilikuwa zimeshapanda, hazikushuka.

Ndipo Murithi akaweka kikombe chini. "Ulibakiziwa alasiri, Mama Nasteha. Hiyo sisi hatukuipata hata siku moja. Hata akiwa amekaa na wakubwa kutoka Garissa, ikifika alasiri Diwani anafunga kikao. Siku moja nikamuuliza, mkubwa, unakimbilia wapi? Akasema kuna mtu ananingoja. Nikamwambia nitajie jina lake, niandike sababu ya kuahirisha. Akacheka sana. Akasema, 'Jina analo, Murithi, lakini hilo si la watu.'"

"Ni kweli," Mzee Keinan akadakia. "Hata mimi nimeuliza. Mimi nimechunga ngamia na yeye tangu utoto, nikamwambia, walaal, ndugu yangu, wewe unaita huyu mwanamke nani? Akanikatalia kabisa. Mbaka leo inaniuma."

Inamuuma! Umesikia hayo, Baba Nasteha? Mzee mzima, na mvi zake, ananionea wivu mimi. Nilijifunika uso kwa mtandio, wakadhani nalia. Nilikuwa nalia kweli, na kucheka, sijui kipi kilitangulia.

Basi nimewaachia siku. Hitima itasomwa kisimani Ijumaa hii, baada ya swala, na mbuzi wangu naye anakwenda hukohuko. Waje wote. Samsam alete chai yake, na wale akina Bishar wadogo waje wakimbie wanavyotaka. Sinia litoke na lipite, wale washibe, wakutaje kwa majina yote waliyonayo. Ila ikifika alasiri mtu yeyote asinitafute. Nitakuwa jikoni kwangu na kibuyu cha maziwa, mlango wa nyuma nimeuacha wazi.

Mwenyezi Mungu akurehemu, akuweke pema. Wanaokukumbuka leo, na watakaokukumbuka siku zote, ni mama yako Osob, ndugu yako Bare wa Griftu, wanao Nasteha, Kadar na Mursal, na wadi yako nzima, maana tusipowataja watanuna.

Na mimi mkeo, Rukiyo. Kijana wa gazeti aliyepokea tangazo hili aliniuliza kama nina jina lingine ambalo ningependa aliongeze hapa. Nimemwambia ninalo, lakini hilo si la watu.