Impreza ya Baba na Impreza Yangu

Alhamisi, Shianda. Mvua tangu saa nane mchana, na sina hamu hata ya chai.

Nimeketi kibarazani nikiyaangalia magari yetu mawili, Impreza zote. Ya Baba ni ya kizazi cha kwanza, ya miaka ya tisini: taa za pembe nne, mwili mwepesi, dashibodi ya plastiki tupu. Aliinunua enzi miwa inalipa. Yangu ni ya kizazi cha pili, ile ya macho ya duara. Ni nzito kidogo, imetulia barabarani, na kona haikutishi. Mwulize mtu wa magari, atakuambia yangu ndiyo bora. Hata mimi nimesema hivyo miaka yote, tena kwa kelele.

Lakini ile ya mzee inakuambia kila kitu. Ukikanyaga kokoto unaisikia kwenye vidole. Yangu inanificha barabara. Sijawahi kukubali hilo mbele yake.

Sasa zote mbili hazitembei, na aliyeziua ni mimi.

Giaboksi yangu ilivunjika mwezi uliopita. Baba macho yamemwishia, haendeshi tena, gari lake limelala bandani chini ya turubai. Nikasema, si hizi ni ndugu? Akiwa kanisani nikaitoa giaboksi yake, nikaifunga kwenye yangu. Sikumwomba.

Na najua vizuri. Kwetu mali ya mzee haigawanywi akiwa hai. Inangoja mazishi, wafiwa wanyolewe nywele, wazee waketi kuigawa. Ukigusa mapema umemzika mtu akikusikia.

Nilijidanganya kwamba nataka gari la kumpeleka kliniki ya macho. Uongo mtupu! Nilitaka kuonekana Kakamega mjini, vijana wakipiga picha.

Wala sikuhesabu meno ya gia. Giaboksi ya kizazi kile haikulingana na difu yangu, ile inayozungusha magurudumu ya nyuma, basi magurudumu ya mbele na ya nyuma yakawa yanavutana. Giaboksi ya Baba ikasagika kabla sijafika mjini. Nikarudi nikivutwa na trekta ya miwa, watu wakicheka.

Leo Baba aliketi hapa kando yangu, akasema, "Hebu washa ile yangu nisikie."

Starta, ile mota ya kuwashia injini, hushikwa na giaboksi. Bila giaboksi, ile yake haiwezi kuwaka hata kidogo. Kwa hiyo nikaingia kwenye yangu, ambayo injini yake bado ni nzima, nikaiwasha, nikakanyaga mafuta vizuri. Ndiyo, nilimfanyia hivyo baba yangu kipofu.

Akainamisha kichwa akasikiliza.

"Hiyo ni yako," akasema. "Yangu inakohoanga kwanza."

Nikazima. Akanyoosha mkono, nikamwongoza hadi bandani. Boneti aliifungua mwenyewe. Vidole vikapita juu ya injini polepole, vikashuka nyuma yake, vikaingia palipokuwa na giaboksi. Vikakaa humo muda mrefu.

Nilingoja anilaani. Afadhali angenilaani.

"Kumbe mlishanizika," akasema. Halafu akaniomba nimrudishe ndani, baridi imemwingia.

Fundi anasema giaboksi ya namna ile haipatikani siku hizi. Hata ikipatikana, sijui nitamwambia nini. Amelala mapema, chakula hakukigusa.

Kila asubuhi mimi ndiye humbishia mlango, nikisema ni mimi mwanawe, na kumsalimia. Kesho nitabisha nikisema ni nani?